Ajipatapo

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha.
Mimi kucha ninazo, kumi, ngumu, za fundi cherehani,
na upele sina.
Sista Nyabuso aliubandua mfuko, akamulika kwa tochi ya simu,
akapapasa kandokando ya utumbo wangu uliochungulia nje
kama mdomo wa mtoto anayetaka kusema neno.
"Ngozi safi, fundi. Sioni kitu."
Alisema kwa wema. Nikashuka kilima cha Bugando
nikiwashwa na hicho kitu asichokiona.

Nimejaribu.
Sabuni ya manukato nimemwachia Limi afulie soksi.
Gundi nimebadili, ya boksi la bluu kwa ya boksi jeupe.
Jumapili nimekaa tumbo wazi nyuma ya nyumba, Bugarika,
katikati ya mawe mawili makubwa, jirani asinione,
upepo wa ziwa ukinipulizia
kama mama apulizavyo uji wa mgonjwa.
Tundu la mfuko nimelikata upya: milimita thelathini na mbili,
kisha thelathini na moja. Mkasi huu
umekata kola za nusu ya watoto wa Mabatini, haukosei.
Wadudu wa ziwa walipopanda kama moshi, nikawasingizia wao.
Nikalisingizia joto.
Nikawasingizia dagaa, nikaacha dagaa
(mtu wa Mwanza, kuacha dagaa!)
mwasho ukabaki, na hamu ya dagaa juu yake.

Nguo ikimwasha mteja, najua pa kutazama:
lebo ya shingoni, au ncha ya uzi wa nailoni
iliyosahauliwa kwenye mshono.
Nafumua, namrudishia, anacheka.
Nimejigeuza nje ndani, ndani nje.
Ncha ya uzi sijaiona.

Januari sare zimerundikana hadi darini,
mama mmoja anataka sketi leo leo,
na ndipo unapoamka,
pale pale, chini ya plastiki.
Si maumivu. Maumivu nayajua, tulilala wodi moja wiki sita,
yalikuwa na adabu, yalipiga hodi.
Hiki ni kitu kidogo, cha aibu,
kisicho na heshima ya kuitwa ugonjwa,
sisimizi mmoja anayetembea mahali nisipoweza kumfuata.
"Subiri kidogo, mama," nasema,
nakanyaga cherehani kwa kasi bila kitambaa,
sindano inashona hewa.

Mja hujikuna ajipatapo.
Hata mfuko wenyewe: wa siku tatu naufikisha tano,
sandarusi ya duka la dawa ikipungua naigusa kwa nje,
nazihesabu kwa vidole. Hapo nako najikuna nijipatapo.

Saa nane usiku natoka.
Mawe ya kwetu hayapoi upesi, yanalikumbatia jua mpaka manane,
lakini yakishapoa yanapoa kweli,
kama pasi iliyosahauliwa na fundi aliyehama.
Nainua shati, nalaza ubavu juu ya jiwe.
Kule chini taa za dagaa, safu ndefu, zananicheka.

Limi alinikuta hivyo.
Ana miaka kumi na miwili. Hakuuliza jiwe nalifanyia nini.
"Wapi, baba?"
Kushoto, nikamwonyesha, chini ya mfuko. Hapagusiki.
Akafikiri.
Akazunguka upande wa kulia, mkabala kabisa na pale,
kama anayekunja kitambaa katikati
ili apate alama ya upande wa pili,
akanikuna huko.
Na ule wa kushoto,
sijui nisemeje,
ukanyamaza kusikiliza.

Sijapona. Jana ulirudi
nikiwa katikati ya tundu la kifungo.
Nikaupeleka mkono kulia, nikakuna taratibu kwa dole gumba,
mteja akiniangalia.
"Fundi, unawashwa?"
"Nawashwa, mama. Hapa,"
nikamwonyesha
pasipo.